Tekla na Simba Asiye na Mkuki

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nyuzi na mikono ya kuzifuma.

Hapo zamani za kale, katika mji mmoja wa Misri kando ya Mto Nili, paliishi mjane mmoja, jina lake Tekla. Marehemu mumewe alimwachia kitu kimoja tu: kitanda cha kufumia nguo, nacho kilikuwa ndani ya nyumba ya wafumaji.

Mkuu wa wafumaji, Pambo, akamwambia, "Shemeji, humu hafumi mwanamke. Kitanda hiki nampa mwanamume."

"Na nikifuma kukushinda wewe?"

Pambo akacheka, akashika mbavu. "Haya. Siku saba. Kila mmoja afume pazia la wanyama, watu waamue. Ukishindwa, kitanda si chako."

Tekla alizoea kufuma mistari tu. Mnyama hakuwahi kumfuma. Akashuka mtoni, akamkuta sungura.

"Bwana Sungura, simama nikutazame, nikufume."

"Mimi sisimami. Nitazame nikikimbia."

Akamtazama, akamtazama, akamtazama. Mbele akamkuta bata.

"Bibi Bata, tulia nikutazame, nikufume."

"Mimi situlii. Nitazame nikiogelea."

Akamtazama, akamtazama, akamtazama. Kisha akaingia jangwani, akamkuta simba kalala kivulini mwa jabali. Aliogopa, lakini hakurudi nyuma.

"Mzee Simba, nimekuja kukutazama, nikufume."

Simba akafumbua jicho moja. "Wafumaji wote hunifuma nimechomwa mkuki. Wewe je?"

"Nitakufuma mzima, kama ulivyo."

"Basi kaa."

Tekla akakaa. Akamtazama, akamtazama, akamtazama, mpaka akasahau kuogopa. Kisha akarudi mtaani, akaazima kitanda cha jirani, akafuma.

Siku ya saba mapazia yakatundikwa sokoni. Wazee waliopewa kuamua, marafiki wa Pambo, hata la Tekla hawakulitupia jicho. "Pambo kashinda," wakasema.

Mara simba akaingia sokoni. Watu wakapanda juu ya mapaa. Pambo akatumbukia ndani ya pipa lenye rangi ya buluu ya kutilia nyuzi. Tekla peke yake akabaki amesimama.

Simba akalikaribia pazia la Pambo. "Huyu nani?"

"Ni wewe, mzee," Pambo akajibu kutoka pipani.

"Mimi sina mkuki ubavuni."

Akaliendea la Tekla. Sungura anakimbia, bata anaogelea, na katikati simba, kichwa juu, macho wazi.

"Huyu ndiye mimi," akasema, akaenda zake.

Juu ya mapaa, vigelegele vikapasuka mtaa mzima. Pambo akatoka pipani, buluu tangu utosini hadi kisiginoni.

"Shemeji, umenishinda. Kitanda ni chako."

"Hakitoshi," akasema Tekla. "Kuna wanawake saba mtaani kwetu wanaofumia uani, juani. Nao waingie."

Pambo akawatazama wazee. Wazee wakatazama chini. Basi akaufungua mlango wa nyumba ya wafumaji kwa mikono yake ya buluu, na wale saba wakaingia wakiimba, Tekla akiwa mbele.

Uzi wa hadithi yangu umeishia hapo.