Siku Bi Nyamizi Alipotokea Gazetini

"Kupigwa picha si kusikilizwa." Vijana waliisikia kauli hiyo kwa mama mmoja mkutanoni, baada ya mgombea kumkumbatia mbele ya kamera, wakamwendea Mzee Kalyango awaeleze. Mzee akacheka hadi akakohoa. Methali hii, alisema, ilizaliwa hapa hapa Ilonda, na ilianza hivi.

Bi Nyamizi alikuwa fundi cherehani. Sare za shule za mji mzima zilipita mikononi mwake. Asubuhi moja, shule zikikaribia kufunguliwa, alikuta mlango umevunjwa na cherehani haipo. Alilia, kisha akajifuta machozi akaenda kituo cha polisi, japo majirani walimwambia anajisumbua bure.

Alipofika alistaajabu. Kituo kimepakwa rangi mpya, maua mlangoni, askari wanatabasamu kama wenye harusi. Kumbe waandishi wa habari walikuwa wamealikwa. Kabla hajafungua kinywa, mkuu wa kituo, Afande Lwitiko, alimshika mkono akamkalisha kwenye kiti kipya.

"Tazama huku, mama. Tabasamu kidogo."

Kamera zikamulika. Waandishi walipoondoka, mkuu naye akaondoka nao, na askari wa zamu akamwambia, "Njoo kesho, mama, leo tuna ugeni."

Kesho yake alikuwa ukurasa wa mbele wa gazeti: POLISI WASIKIVU. Majirani wakaja mbio na vigelegele. "Hongera! Cherehani imerudi?"

"Irudi wapi? Hata hawajaniuliza nimeibiwa nini," akajibu kwa uchungu. "Kupigwa picha si kusikilizwa."

Maneno yale yakaenea sokoni kuliko gazeti lenyewe. Redio iliendelea kukisifu kituo, lakini kiti kipya kilikaa bila mtu. Hata jirani aliyeibiwa mbuzi alinyamaza. Afande Lwitiko hakuelewa, na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akamfuata Bi Nyamizi nyumbani.

"Mama, magazeti yanatusifu. Mbona watu hawaji?"

Bi Nyamizi alikuwa akishona sare kwa mkono, vidole vimevimba. Hakuinua uso. "Afande, sura yangu unaijua. Shida yangu waijua?"

Afande akavua kofia, akaketi mkekani. "Niambie, mama. Uliibiwa nini?"

"Cherehani ilipatikana?" vijana wakadakia.

"Haikupatikana," alisema mzee. "Lakini majirani walimwona afande alivyokaa pale akisikiliza mpaka chai ikapoa. Asubuhi yake mwenye mbuzi alikwenda kituoni mwenyewe, na hapakuwa na kamera hata moja. Kupigwa picha si kusikilizwa, wajukuu zangu."