Sura za Sekela Kwenye Meza ya Mtandaoni

Wahenga waliposema kwamba mficha uchi hazai, hawakukusudia kumwaibisha mtu. Walimaanisha kwamba mwenye shida akiifungia kifuani asitarajie msaada, kwa kuwa hakuna mganga atibuye kidonda kilichofunikwa. Maneno haya tunayakariri tangu darasa la nne, tunayaandika kwa mwandiko mzuri na kupata vema, kisha tunatoka nje ya darasa na kuendelea kuficha mambo yetu kama kawaida. Ndivyo walivyofanya Sekela na wenzake, na hao walikuwa watu wazima wenye akili zao timamu.

Sekela alikuwa mwalimu wa shule ya awali huko Tegeta. Siku za kazi aliwafundisha watoto kushika kalamu, na akipata nafasi alichora mwenyewe. Kila Jumapili alasiri aliongoza mchezo wa kuigiza kwa njia ya mtandao. Katika mchezo huo, msimulizi hubuni nchi na visa vyake, na kila mchezaji huvaa uhusika: huyu mfanyabiashara, huyu mlinzi wa bandari, yule mganga. Wanarusha dadu, wanabishana, na kwa pamoja wanaamua hadithi iende wapi. Hapo awali walikuwa wakikutana sebuleni kwa Clara, Sinza. Sekela alipohamia Tegeta, foleni ya Barabara ya Bagamoyo iliwashinda, wakaona bora waingie kwenye meza ya mtandaoni, yaani programu inayomwezesha kila mmoja kuona ramani, dadu na sura za wahusika akiwa kwake.

Wachezaji walikuwa watatu. Clara alikuwa karani wa ofisi ya bima, na kati ya marafiki zake ndiye aliyesifika kuwa fundi wa kompyuta. Hudhaifa aliuza vitambaa vya mapazia Mtoni, katika duka la baba yake mdogo, Thuwaini. Huyo Thuwaini naye alikuwa mchezaji wa tatu. Aliingia ili kuchungulia tu mtoto wa kaka yake anafanya nini na simu kila Jumapili, akanogewa kuliko waliomtangulia. Kwa kuwa Hudhaifa alimwita Ami, wote wakamwita Ami.

Sekela ndiye aliyechora sura za wahusika wote. Kila mchezaji alimweleza mhusika wake alivyo, naye akakaa na kalamu mpaka sura ikatoka. Siku ya kwanza alipoziweka mezani, aliwauliza wenzake:

"Haya jamani, sura hizo. Mnazionaje?"

Ami akawa wa kwanza kujibu, kama ilivyo desturi ya mkubwa. "Maashaallah, binti yangu! Mkono wako una baraka, wallahi."

"Kali sana, sista," akasema Hudhaifa.

"Yaani umetisha," Clara akamalizia.

Msomaji, ukweli ni huu: hakuna hata mmoja kati yao aliyeona kitu. Ramani waliiona, dadu waliziona, lakini pale pa sura kila mmoja alitazama kisanduku cheusi kitupu. Ami alidhani ni macho yake. Yalikuwa yameanza kufifia, na hakutaka wanawe wajue wasije wakampokonya funguo za gari. Kwa hiyo akasifu asichokiona. Hudhaifa alidhani ni simu yake. Simu hiyo alizawadiwa na Ami, na kusema kwamba haionyeshi picha mbele ya aliyemzawadia kungekuwa utovu wa shukrani. Isitoshe, mkubwa alikwisha sifu. Yeye ni nani aseme haoni? Clara naye alijaribu kila alichokijua, kisanduku kisibadilike. Fundi wa kompyuta aulize swali kama hilo? Akajikaza kisabuni.

Basi mambo yakaenda hivyo mwezi kwa mwezi. Sekela akileta sura mpya, sifa zinamiminika. Lakini sifa hizo zilikuwa na ugonjwa: hazikuwa na mwili. Hakuna aliyesema lolote kuhusu nguo, wala ndevu, wala macho. Zilikuwa "nzuri", "kali" na "maashaallah" tu. Sekela hakuwa mjinga. Alianza kuhisi kwamba marafiki zake wanamhurumia, naye hakuwauliza. Alitabasamu, akashukuru, akaendelea kuchora.

Huenda hali hiyo angeizoea, lau si tangazo aliloliona. Mchapishaji mmoja wa vitabu vya watoto alikuwa anatafuta mchoraji, na kila aliyetaka kazi hiyo alitakiwa kutuma picha kadhaa za sura za watu. Tangu utotoni Sekela hakutamani kazi nyingine zaidi ya hiyo. Siku zikayoyoma mpaka ikafika Jumapili, na mwisho wa kupokea picha ulikuwa kesho yake.

"Kabla hatujaanza," aliwaambia wenzake alasiri hiyo, "nataka kutuma hizi sura kwa mchapishaji. Niambieni ukweli. Zinafaa?"

"Zinafaa sana," wakajibu kwa pamoja, upesi mno.

Sekela akasema asante, wakaanza mchezo. Siku hiyo aliwaletea mhusika mpya, mgeni aliyebisha hodi kwenye lango la mji wao akiomba hifadhi. Walikwisha onywa tangu zamani kwamba watu wanaochoma miji hujulikana kwa kovu lenye umbo la mwezi mchanga kwenye shavu. Kovu hilo Sekela alilichora kwa uangalifu mkubwa, likionekana waziwazi kama chapa ya ng'ombe. Akaiweka sura mezani, akasubiri wapige kelele.

"Karibu ndani, mgeni wetu," akasema Ami kwa sauti ya mfanyabiashara wake. "Mpeni maji, mpeni na kitanda."

"Na mie namfungulia lango," akasema Hudhaifa.

Clara, ambaye mhusika wake alikuwa mganga, akampa mgeni funguo za ghala la dawa. Mpaka hadithi inafika alfajiri ya nchi ile, mji wote ulikuwa majivu.

"Lakini tungejuaje?" Clara akalalamika. "Hukutupa dalili yoyote!"

Sekela akashindwa kujizuia. "Dalili ipo usoni pake! Mmekaa na sura yake muda wote huu mbele yenu. Kumbe hamziangaliagi hata kidogo. Mnanisifia tu kama mtoto aliyechora kuku. Basi, nimewaelewa. Situmi kitu kesho. Na huu mchezo tuuache, kila mtu akapumzike."

Hudhaifa aliisikia kwikwi ya Sekela sikioni, akaona aibu ya simu ni ndogo kuliko hii.

"Sekela, usizime kwanza," alisema. "Nisamehe. Ami, nawe nisamehe, simu uliyonipa naipenda. Lakini mie sijawahi kuona sura hata moja. Tangu siku ya kwanza naonaga kiboksi cheusi tu."

"Kiboksi cheusi?" Clara akauliza. "Hata mie!"

"We Clara? Si ndiwe fundi wetu?"

"Fundi gani, Hudhaifa! Nimehangaika nacho mpaka nimechoka. Niliona haya kuuliza."

Zamu ikabaki kwa mzee. Akakohoa, akasafisha koo, akakohoa tena.

"Mie nilidhani nimeshakuwa kipofu, wanangu," akasema polepole. "Nilikuwa nasoma dua kila nikifungua hii programu."

Sekela hakujua acheke au alie, akafanya vyote viwili. Kisha akafuta machozi na kuifungua sura mojawapo upande wa mipangilio, mahali ambapo hakuwahi kupahitaji, kwa kuwa kwenye kompyuta yake sura zote zilionekana vizuri. Pale chini palikuwa na alama ya kufuli, na kando yake maneno machache: inaonekana kwa msimulizi peke yake. Kila sura aliyowahi kuichora ilikuwa imefungwa. Angeambiwa siku ya kwanza, angelifungua siku ile ile. Akabonyeza kufuli la kwanza, la pili, na yote yaliyobaki.

Safari hii Ami hakusema maashaallah.

"Huyu ni baba yangu," alisema. Alipomweleza Sekela juu ya mhusika wake, Ami alikuwa akimkumbuka marehemu baba yake, alivyokaa dukani na kanzu yake na jicho moja likiwa dogo kuliko jingine. "Umempatia jicho, binti yangu. Umempatia jicho lake."

Clara akawa anavuta picha karibu, moja baada ya nyingine, akiguna. Hudhaifa akaikazia macho ya kwake.

"Sekela, nisije nikakukwaza tena. Huyu mlinzi wangu, mkono wa kushoto ana vidole sita."

Sekela akahesabu. Ni kweli, vilikuwa sita.

"Na mganga wangu shingo fupi," Clara akadakia, "kama kanyeshewa na mvua."

"Maadam mmeanza," akasema Ami, "jicho la marehemu umelipata, lakini pua hiyo ni ya kasuku."

Sekela alicheka mpaka akashika mbavu. Miezi yote aliyosifiwa alikuwa na njaa, na leo anakosolewa anajiona ameshiba. Hawa sasa walikuwa wanaziangalia picha zake. Akachukua kalamu, akaanza na pua, na wale watatu wakabaki mtandaoni wakimwelekeza, wakibishana kama wako sebuleni Sinza: ipunguze, hapana umezidisha, hapohapo usiiguse tena.

Jumatatu asubuhi, kabla watoto hawajaingia darasani, alizituma sura zote kwa mchapishaji. Ami naye, siku hiyo hiyo, aliwaambia wanawe habari za macho yake, nao wakampeleka kupimwa miwani wala wasiziguse funguo zake. Sekela alipopata habari hiyo aliguna peke yake, akajiuliza ni vitu vingapi vimelala gizani kwa kukosa mtu mmoja wa kusema "sioni". Wahenga hawakukosea: mficha uchi hazai.