Chumba cha Kusoma kwa Sauti

Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakukosea. Mgeni huja na shida yake, ukadhani amekuongezea mzigo, kumbe amekubebea dawa.

Mkutubi mkuu wa maktaba ya mji mmoja hakulijua hilo. Watu walimwita Mama Shii, kwa maana hata kikohozi alikinyamazisha. Kimya kilikuwa fahari yake, ila sasa kilikuwa kimepita kiasi: wasomaji walibaki wa kuhesabika kwa vidole, na baraza la mji lilikwisha kumwonya kwamba hali isipobadilika, jengo litafanywa ghala. Mama Shii aliipenda maktaba ile kama mwanawe. Usingizi ulimpaa.

Asubuhi moja aliingia mkandaji wa viungo, mwanamume asiyeona, ameshika bega la mkewe. Alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kazi yake, na kitabu alichokihitaji kilikuwa hapo tu, nacho hakiazimwi. Wakaketi, mke akaanza kumsomea kwa sauti ya chini.

"Shiii!"

"Samahani, mama," mkandaji akasema. "Mimi husoma kwa masikio."

"Hapa ni kimya, baba. Ndiyo kanuni."

"Basi niazime, nikasomewe nyumbani."

"Hicho hakitoki."

"Yaani kitabu ni cha umma, ila mimi si umma?"

Mama Shii hakulegeza kamba. Wale wawili wakaondoka. Kesho yake walirudi, na keshokutwa pia. Kila akiwanyamazisha, mkandaji humwambia mkewe taratibu, "Endelea, mama watoto."

"Mbona u king'ang'anizi hivi?" Mama Shii akafoka siku moja.

"Mtihani haunisubiri, mama. Ningekuwa na pengine pa kukisoma, ungeniona hapa?"

Mama Shii aliona haya. Analilia wasomaji, na msomaji akija anamfukuza kwa mdomo wake mwenyewe! Akajifunga kibwebwe, akatoa viti vibovu vilivyorundikwa stoo, akafagia, akaingiza meza.

"Someni humu mpaka sauti ziwakauke," akasema.

Habari zikaenea. Akaja bibi aliyefifia macho, akaja mwashi ambaye hakuwahi kuingia darasani, kila mmoja na mtu wa kumsomea, na hao waliokuja kuwasomea nao wakaanza kujiazimia vitabu. Mshonaji mmoja anayetumia kiti cha magurudumu alipokwama kwenye ngazi, Mama Shii alikwenda mwenyewe barazani kudai njia ya mteremko, akakataa kuondoka mpaka akakubaliwa. Ung'ang'anizi alikuwa amekwisha kujifunza.

Ofisa wa baraza alipokuja kupima jengo kwa ajili ya ghala, alikosa hata kiti cha kukalia. Akakunja futi yake.

"Haya, mama. Magunia yatatafutiwa pengine."

Wiki hiyohiyo mkandaji alikuja kutoa habari kwamba amefaulu.

"Asante, mama. Umeniokoa."

Mama Shii alimshika mkono, machozi yakimlengalenga. "Nani kamwokoa nani, baba? Mgeni njoo, mwenyeji apone."