Hondohondo na Mche wa Mzambarau

Paukwa!
Pakawa!
Ninyi wa nyuma sijawasikia. Au mmekuja kula karanga tu? Paukwa!
Pakawa!
Haya, sasa tunakwenda.

Hapo zamani za kale, kipupwe kilipokuwa bado kinakuja kila mwaka bila kuitwa, palikuwa na Hondohondo na mkewe, Mama Hondo. Walikaa chini ya mlima, kwenye mti mkubwa wenye tundu. Hondohondo alikuwa na mdomo mkubwa, na juu ya mdomo kofia ya pembe, na mabawa yenye kelele: vuuu! vuuu! vuuu! Mwenyewe alikuwa akisema, "Mimi wizi siuwezi. Nikitoka nyumbani, mabonde matatu yanajua." Na alikuwa ametembea huyo! Hapakuwa na bonde ambalo hajala matunda yake na kuwachosha wenyeji kwa hadithi zake.

Sasa, mnajua desturi ya hondohondo? Mke akikaribia kutaga, anaingia tunduni. Mlango unazibwa kwa udongo. Unabaki ufa mwembamba, mdomo tu unapita. Mume analeta matunda, mke anakula, kokwa anazitema nje. Pu! Zinaanguka chini ya mti.

Na kwao Mama Hondo kulikuwa na sharti: nyumba haifunguliwi mpaka mche wa mzambarau mwitu usimame chini yake, una majani manne. Mtoto akitoka, akute chakula chake cha uzeeni kimeshaota.

Mama Hondo akaingia. Udongo ukapakwa. Akatoa mdomo kwenye ufa, akasema, "Baba Hondo, niletee zambarau mwitu. Zile chungu kidogo, zinazoacha ulimi mweusi. Mama alinilisha hizo humuhumu tunduni. Nikifumba macho bado nazisikia mdomoni."

"Nitaleta mpaka useme basi!"

Akaruka. Vuuu! vuuu! vuuu!

Lakini mwaka ule haukuwa kama miaka mingine. Kipupwe hakikuja. Umande uliokuwa ukikaa majanini hadi saa nne, sasa jua likichungulia tu, umeshakwenda. Mizambarau ikapukutisha maua yake mapema. Hondohondo akaenda bonde la kwanza. Hakuna. Bonde la pili. Hakuna. Bonde la tatu akakuta mzambarau mmoja, na juu yake zambarau saba. Saba tu.

Na lantana je? Lantana, kichaka kile cha kigeni, ilikuwa kila mahali. Miba, maua ya manjano na waridi, na vitunda vyeusi vinavyong'aa kama shanga. Akajaza koo.

Ko! ko! ko!

"Baba Hondo, umeleta?"

"Nimeleta."

"Zambarau?"

"Zambarau saba. Na vitu vya kusindikizia."

Mama Hondo akala zambarau moja kwa siku, polepole. Vitu vya kusindikizia akala vyote, maana njaa haina adabu. Pu! Pu! Pu! Kokwa zikaanguka.

Lantana haikungoja. Kijimvua kimoja, joto kidogo, cho! ikachomoza. Kokwa za mzambarau zililala, zikisubiri baridi. Baridi haikuja. Mwishowe tatu zikajikaza, zikaota, majani mawili mawili.

"Baba Hondo, mche umesimama?"

"Bado."

Jua la saa nne likachoma kama la saa saba. Mche wa kwanza ukainama. Wa pili ukainama. Hondohondo akausimamia wa tatu, akatandaza mabawa yake yote awe kivuli. Kima, jirani wa mti wa pili, akacheka mpaka akakosea tawi.

"Shemeji! Umekuwa mwavuli?"

"Cheka tu. Siku zote nilikuwa sijui kazi ya mwili huu."

Lakini tunduni mtoto alikuwa ameshaanguliwa. Pii! pii! Njaa. Kivuli na chakula haviwezi kutoka kwa baba mmoja saa moja. Hondohondo akaruka kutafuta chakula. Aliporudi, mche wa tatu ulikuwa umenyauka kama uzi.

Kima akanong'ona, "Shemeji, ufa ni mwembamba. Yeye anaona kijani tu. Mwambie umesimama."

Hondohondo akatazama chini. Kijani kilikuwepo, tena tele.

"Baba Hondo, mche umesimama?"

"Umesimama."

"Una majani mangapi?"

"Manne."

Upepo ukapita. Vuu.

"Mbona mche unanuka? Baba Hondo, hiyo ni lantana."

"Ndiyo."

"Tangu lini unanidanganya?"

"Tangu sasa hivi."

Mama Hondo akarudisha mdomo ndani. Siku tatu alipokea chakula, neno hakutoa. Pii! pii! tu. Na mtoto anakua. Mabawa yameota, pa kuyanyoosha hapana. Wakikawia, nyumba ile itakuwa kaburi lao.

Hondohondo akaigeukia lantana. "Nani alikuita hapa?"

Lantana ikashangaa. "Mimi sina mabawa, mzee. Nimefika kwa koo lako. Hata joto hili sikulileta mimi. Nililikuta, likanipendeza."

Hondohondo akaruka kwenda kutafuta chakula.

Siku ya nne, kitu kikatoka kwenye ufa. Kokwa, laini, imelambwa hata inang'aa.

"Ya saba," akasema Mama Hondo. "Hii sikuitema. Niliibakiza chini ya ulimi niwe naionja. Ladha imekwisha, nami nimeendelea kuilamba. Ichukue. Ipeleke panapoifaa."

Akaichukua kwa ncha ya mdomo. Vuuu! Akapanda mlima. Akapita mahali lantana ni nyingi, akapita mahali ni chache, akafika mahali hazijafika bado. Ukungu. Kuvu. Umande wa saa nne. Akafukua, akaifukia, akarudi kulisha. Kila siku akawa anapanda na kushuka, mafuta ya mwili yakamwisha, hata Kima akaacha kumcheka.

Asubuhi moja, ko! ko! ko!

"Umesimama."

"Wapi?"

"Juu, kwenye ukungu."

"Sharti linasema chini ya nyumba."

"Najua."

"Una majani mangapi?"

"Mawili."

"Sharti linasema manne. Na wewe umeshanidanganya mara moja."

"Mama Hondo," akasema, "safari hii ningetaka kudanganya, ningesema manne."

Ndani ya mti kikatoka kicheko, kikavu, cha siku nyingi. Kisha: ko! ko! ko! Safari hii mgongaji alikuwa ndani. Udongo ukapasuka. Pwaa!

Wakapanda watatu, mti kwa mti, mtoto akipumzika kila tawi. Wakafika. Mche ulikuwa mdogo, mrefu kama ukucha wa Hondohondo. Majani mawili. Tone la umande juu ya moja.

Mama Hondo akauinamia muda mrefu. "Sisi hatutaonja," akasema.

"Hatutaonja."

Mtoto akatazama chini. "Mbona nyumbani ni kijani kote?"

Mama Hondo akamsogeza karibu na mche.

"Na zambarau ni tamu?"

"Chungu kidogo," akasema mama. Akafumba macho, akameza mate.

Funzo ni hili. Joto likizidi, mgeni mwenye miba hunawiri, na mche wa kwetu hufa ukiwa na majani mawili. Basi angalia unachobeba na mahali unapokiacha. Na sharti la wazee liliwekwa ili mche uishi. Likianza kuua watoto, legeza sharti, shika mche.

Hadithi yangu imetua hapo juu, kwenye ukungu. Mwenye kokwa mdomoni asiiteme ovyo.