Kiongozi Aliyekataa Kusindikizwa

Ajuaye njia naye husindikizwa.

Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo kaka yenu Kibwana, mkaanza kucheka. Kibwana yuko chumbani anafunga mizigo arudi kazini kwake Lodwar, na kasema wazi kwamba asijisumbue mtu kumpeleka stendi, njia anaijua. Mama yenu akamjibu kwa methali hiyo, basi ninyi mbio kwangu: "Bibi, anayejua njia asindikizwe aende wapi?" Haya, kaeni. Wewe Riziki, weka hiyo simu chini, au nayo inataka kusikia? Neno hili lina mwenyewe, na mwenyewe aliitwa Famau.

Famau Bunu alikuwa mzaliwa wa Siyu, upande wa Lamu, lakini utu uzima wake wote aliumalizia njiani. Kazi yake ilikuwa kuongoza wasafiri wa lori. Siku hizo lami iliishia Isiolo. Lori lilikuwa likitoka Mombasa likapita Gede kwenye magofu ya mji wa kale, likaenda Malindi, likaachwa Mokowe watu wakavuka kwenda kuiona Lamu. Kisha lilipanda kwa Garissa mpaka Isiolo, na kutoka hapo ni vumbi tupu, kupitia Marsabit, hadi jangwa la Chalbi. Famau aliijua safari hiyo yote, kila mji na hadithi yake, kila kisima na tabia yake.

Nyumbani kwake kulikuwa chumba kimoja mtaa wa Kuze, Mombasa. Alioa akiwa kijana, mke akafariki mapema, mtoto hawakujaliwa. Majirani wakiukuta mlango umefungwa husema, "Famau yuko safarini." Wakiukuta wazi husema, "Famau karudi." Habari zake ziliishia hapo.

Sasa, mnajua desturi yetu. Mgeni akiaga, mwenye nyumba hatoi mkono akabaki kitini. Hutoka naye, japo mpaka pembe ya nyumba. Lamu wenyeji waliwasindikiza wageni wa Famau mpaka gatini, wakicheka na kushikana mikono, naye Famau akaja nyuma peke yake na mikoba ya watu. Zamani wapo waliotaka kumsindikiza yeye pia. Akawarudisha kwa maneno: "Ajuaye njia hasindikizwi, bwana!" Watu wakacheka, na neno likawa lake. Miaka ikapita, hakuna aliyejaribu tena. Na niwaambieni ukweli, wajukuu zangu: mwanzo alilisema kwa kujitapa, lakini baadaye alilisema haraka haraka, kabla watu hawajageuka na kuondoka, ili ionekane kwamba yeye ndiye aliyekataa. Upweke una hila nyingi.

Mwaka mmoja akapewa kundi la walimu wastaafu wa Mombasa. Mkubwa wao alikuwa Mwalimu Ngumbao, mtu wa maneno na kicheko. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja, Bi Mwanasha, ambaye hakuwahi kufundisha hata siku moja. Mumewe ndiye aliyekuwa mwalimu, akafa kabla ya safari, na wenzake wakamwambia mjane aje akikalie kiti cha marehemu. Akaja. Alikaa dirishani na mwavuli wake mweusi mapajani, na maswali yake hayakwisha. Famau alimwona ni mzigo.

Walipofika Gede, wakasimama baina ya kuta zilizoota miti, Famau akaeleza kama alivyozoea: hapa palikuwa msikiti, hapa kisima, hapa nyumba ya mfalme. Kisha watu wakahama, na hakuna ajuaye kwa yakini walikwenda wapi. Wageni wakatikisa vichwa, wakapiga picha.

"Masikini," akasema Bi Mwanasha. "Hawakuwa na wa kuwasindikiza."

Famau akacheka. "Bi, mji mzima usindikizwe na nani?"

"Hata mmoja angetosha. Angesimama mlangoni akaangalia wameshika wapi. Leo tungewauliza wajukuu zake."

"Hao njia waliijua. Na ajuaye njia hasindikizwi."

"Ndivyo usemavyo," akajibu, akafunua mwavuli wake akaenda zake. Famau akakereka siku nzima, wala hakujua kwa nini.

Basi safari ikaenda, wakafika ukingoni mwa Chalbi. Mimi sijafika, lakini waliofika wanasema ni uwanja mweupe usio na mwisho, ukishapita mti mmoja mmoja na mawe ya ukingoni, ni chumvi na jua tu. Ukiutazama unadhani ni mgumu kama sakafu. Thubutu! Mvua ikinyesha huko milimani, maji hushuka kimyakimya, na chini ya gamba la chumvi huwa tope. Lori likiingia vibaya hulitoi. Kwa hiyo ilikuwa kazi ya kiongozi kutangulia kwa miguu, akigonga ardhi kwa fimbo. Akiipata njia ngumu hupanda mahali palipoinuka akapunga kitambaa chekundu, ndipo lori limfuate.

Mwaka huo mvua ilikuwa imenyesha. Asubuhi Mutinda, dereva, akazima injini akasema haingizi gurudumu mpaka njia ipimwe. Famau akachukua fimbo, chupa ya maji na kitambaa chake. "Adhuhuri mtaniona," akasema. Akashika njia.

Akasikia nyayo nyuma yake. Kugeuka, ni Bi Mwanasha na mwavuli.

"Bi, unakwenda wapi?"

"Nakusindikiza."

Kule kwenye lori Mwalimu Ngumbao akapaza sauti: "Famau, mwambie neno lako!" Watu wakaangua kicheko.

"Ajuaye njia hasindikizwi, Bi. Rudi, jua kali."

"Jua lina mwavuli," akasema, akazidi kumfuata.

Walikwenda hivyo, yeye mbele amenuna, mama nyuma anahema, mpaka kwenye rundo la mawe lililowekwa na wachunga ngamia. Famau akasimama. "Hapa sasa inatosha. Tafadhali."

"Inatosha," Bi Mwanasha akakubali. "Kutoka hapa unashika wapi?"

Lahaula, mama huyu! Ili amwondokee, Famau akanyoosha fimbo. "Unauona ule mti kule, mkoma uliokauka? Nakwenda mpaka pale. Kisha nakata kushoto, nafuata chini ya kile kilima cheusi. Umeridhika?"

"Nimeridhika. Mungu akutangulie."

Famau akaenda. Alipofika kwenye mkoma akageuka mara moja tu. Mwavuli mweusi ulikuwa bado umesimama palepale kwenye mawe. Kitu kikamgusa moyoni, akakifukuza, akakata kushoto.

Chini ya kilima cheusi ardhi ilisikika ngumu. Aligonga, ikajibu vizuri. Akagonga tena, ikajibu vizuri. Hatua iliyofuata gamba likavunjika, mguu wa kulia ukazama mpaka pajani, na mwili ukaanguka upande mwingine. Alisikia goti likiteguka. Alipiga ukelele ambao hakuna aliyeusikia. Alijivuta kwa viwiko, akitukana na kuomba Mungu kwa pumzi moja, mpaka akatoka topeni. Chupa ya maji ilikuwa imemwagika yote.

Akajaribu kusimama, akashindwa. Akapunga kitambaa chekundu, lakini alikuwa bondeni, na mbele yake palikuwa na mazigazi tu, yale maji ya uongo yanayong'aa machoni. Kisha upepo ukaamka. Upepo wa huko hauchezi. Ulichukua vumbi la chumvi ukalipeperusha juu ya ardhi, na Famau akaziona nyayo zake mwenyewe zikifutika, moja baada ya nyingine, kama kuna mtu anayefuta ubao.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia, na haikuwa hofu ya kiu wala ya jua. Alijiuliza nani atamtafuta. Aliwajua watu wake. Adhuhuri itapita, Mutinda atasema, "Famau? Atatokea tu." Mwalimu Ngumbao atafanya mzaha. Wataweka chai nyingine. Si kwamba walikuwa watu wabaya, la hasha. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kutomtazama. Na huko Kuze mlango umefungwa, majirani wanapita. Hata akifa leo, akawaza, kesho watasema Famau yuko safarini, na keshokutwa watasema Famau yuko safarini. Mtu mzima akalia pale chini, peke yake, na machozi yakamkauka mashavuni yakabaki chumvi juu ya chumvi.

Sasa ya kule kwenye lori aliyasikia baadaye, na yalikuwa vilevile alivyowaza. Adhuhuri ilifika, ikapita. Bi Mwanasha akauliza, "Mbona hatumwoni?"

"Famau apotee?" Mwalimu Ngumbao akacheka. "Labda jangwa ndilo lipotee! Kunywa chai, Bi."

Hakunywa. Alisimama juani akiangalia upande mmoja tu. Vumbi lilipotulia na kitambaa hakijaonekana, akamwendea Mutinda akamwambia, "Washa gari au nakwenda kwa miguu."

Mutinda naye alikuwa ameanza kuingiwa na wasiwasi. "Tutamtafuta, mama. Lakini nyayo zimefutika. Nadhani amepita kulia, kule tulikopita mwaka jana."

"Si kulia. Ni mpaka kwenye mkoma uliokauka, kisha kushoto chini ya kilima cheusi."

"Umejuaje?"

"Nilimsindikiza."

Kicheko cha Mwalimu Ngumbao kikakatika hapohapo. Alichukua dumu la maji mwenyewe, akashuka garini. Lori hawakuthubutu kuliingiza, wakaenda kwa miguu, Mutinda mbele akigonga ardhi kwa wenzo wa jeki, na mama nyuma na mwavuli wake. Wangekwenda kulia, wallahi, wangetembea mpaka jua lichwe wakitazama chumvi.

Alasiri Famau akaona kitu cheusi kikiyumba ndani ya mazigazi. Akadhani ni ndege. Kikakaribia, kikawa mwavuli. Walimpa maji kidogo kidogo, Mutinda akamfunga goti kwa kile kitambaa chekundu, na Bi Mwanasha akakaa chini kwenye chumvi akamwekea kivuli usoni. Famau alipopata sauti akauliza, "Mlijuaje kwamba nimepatwa?"

"Nani alijua?" akasema Bi Mwanasha. "Mimi nimekuja kumalizia kukusindikiza. Asubuhi ulinikatisha."

Famau akajifunika uso kwa mikono. Mutinda akageuka akajifanya anautazama mkoma.

Famau akasema, "Lakini njia niliijua, Bi."

"Najua uliijua. Nani kakwambia mtu husindikizwa ili aonyeshwe njia? Husindikizwa ili abaki mtu anayejua umeshika wapi. Mume wangu aliondoka asubuhi kwenda sokoni, mimi niko jikoni, sikunyanyuka. Nilisema sokoni anakujua. Aliangukia njiani, na nilizunguka mitaa mpaka jioni namuulizia, kumbe siku hiyo alipitia njia nyingine." Ndipo Famau alipoelewa mama huyu amebeba nini tangu Mombasa.

Wakarudi salama, na mngedhani kwamba baada ya hapo watu wote walibadilika. Aa, wapi! Lori lilipoingia Mombasa kila mmoja alipokewa na watu wake. Mwalimu Ngumbao alimshika Famau mkono kwa nguvu, akasema, "Wewe mwenyeji hapa, hatuna wasiwasi nawe," akapanda teksi na wanawe. Binadamu ndivyo tulivyo. Famau akaliweka begi begani, akaegemea fimbo, akaanza kuchechemea kuelekea Kuze kama miaka yote.

Akasikia nyayo nyuma yake. Safari hii hakununa. Alipunguza mwendo.

Walikwenda bega kwa bega mpaka mlangoni kwake. Majirani wakatoa vichwa madirishani, kwa maana hawakuwahi kumwona Famau akirudi na mtu. Hakumkaribisha ndani, maana chumba kilikuwa na vumbi na aliona haya. Bi Mwanasha akafunga mwavuli.

"Haya. Kesho unashika wapi?"

Famau akaegemea fimbo yake. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo tangu mkewe alipofariki. "Kesho," akasema polepole, "nitakwenda kwa mganga wa viungo anitazame goti. Kisha msikitini. Kisha nitarudi hapa."

"Nimejua," akasema Bi Mwanasha, akaondoka.

Famau akamtazama akienda. Kisha akaacha begi mlangoni, akamfuata akichechemea na goti lake bovu, na mama alipogeuka kumgombeza akamwambia mbele ya mtaa mzima: "Nyamaza, Bi. Ajuaye njia naye husindikizwa." Majirani wakalisikia, wakalichukua, likatoka Kuze likaja mpaka hapa kwetu.

Basi hicho ndicho kisa chake. Haya, niambieni: Kibwana akifika Eldoret anapanda gari gani? Analala wapi njiani? Lodwar anakaa upande gani, mnaujua? Eti mnatazamana! Ndugu yenu wa tumbo moja, miaka yote hiyo anakwenda na kurudi, nanyi mnasema tu, Kibwana yuko kazini.

Sikieni, mlango wa chumba umefunguka. Huyo anatoka na begi lake, na atawaambia msijisumbue. Vaeni viatu. Ajuaye njia naye husindikizwa.