Mwalimu Aliyesahihisha Toba

Haya wapendwa, zimeni simu, nisije nikapandwa na hasira kabla sijaanza. Leo nawaletea mwalimu mmoja wa Kiswahili, mama mwenye nyumba yake, msomaji kwelikweli. Mumewe alimkosea. Kwenye sherehe ya ukoo, mbele ya mawifi na mashemeji, alimcheka kwamba anajua riwaya kuliko ugali. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama yule akafika nyumbani, akapanga nguo begini: kesho, basi la asubuhi, anarudi kwao.

Jioni ile ameketi sebuleni na riwaya ya zamani anayoifundisha shuleni. Penseli mkononi. Akikuta "mlango ulimnunia", anapiga mstari, anaandika pembeni: tashihisi. Akikuta "macho yake yalikuwa mito", sitiari! Na ukurasa wenyewe, jamani, ulisimulia nini? Mwanamume amesimama nje anamwomba mkewe msamaha, na mke hataki kusikia. Mwalimu wetu aliziona tamathali zote. Hakumwona yule mtu aliyesimama nje.

Mumewe akaingia, akajikohoza. Anajua mkewe anapenda maneno mazuri, kwa hiyo alikuwa amejiandaa.

"Mama watoto, moyo wangu umekuwa kama jiko lililomwagiwa maji."

"Tashbihi," mwalimu akasema, macho kitabuni. "Si mbaya. Endelea."

"Hata nyumba hii inalia, mke wangu."

"Tashihisi. Ila hiyo imechakaa, kila mtu anaitumia."

"Mwenzio nimekufa mara elfu!"

"Chuku. Na mchana marehemu umeongeza wali."

Mnacheka? Chekeni tu, zamu yenu inakuja.

Mwanamume akakaa sakafuni. "Nilikuaibisha mbele ya ndugu zangu. Nilikosea. Nisamehe, usiende."

Mwalimu akashika penseli vizuri, akatafuta. Hakuna tashbihi, hakuna sitiari, hakuna pa kupiga mstari. Maneno yamekuja yalivyo, yanataka jibu. Ikambidi ainue uso, akamtazama mumewe.

"Utayasema hayo mbele yao?"

"Mbele yao wote."

"Basi siendi. Inuka hapo chini, kuna baridi."

Sasa sisi. Sisi tunaokuja ibadani na kalamu za rangi, tunayapigia Maandiko mistari mpaka kurasa zinatoboka! Tukiambiwa tusameheane, mtu ananifuata nje: "Mchungaji, hapo kuna fumbo gani?" Fumbo gani, wewe? Umeambiwa samehe, samehe! Mahubiri mnayapa alama, sala za wenzenu mnazipa alama: huyu kaomba vizuri, yule kajirudia. Nani kawaita muwe wasahihishaji?

Humu ndani yupo mtu aliyekuomba msamaha wiki hii, ukaenda kusimulia alivyobabaika. Unamjua, na unajua alipoketi. Ondoka kwenye benchi lako umfuate. Mimi amina siisemi mpaka nikuone umesimama.