Kiporo cha Profesa

Ipo methali moja ambayo walimu huitamka harakaharaka darasani, kwa sababu ndani yake mna neno linalowachekesha watoto, na watoto wakishacheka somo limekwisha. Maana yake, hata hivyo, haichekeshi hata kidogo. Inasema kwamba anayemwonea haya mtu wa kumsaidia, msaada atausikia kwa wenzake. Kijana wa hadithi hii aliijua tangu shule ya msingi, tena aliieleza kwenye mtihani akapata alama zote. Kuieleza hakukumfaa kitu.

Nyumbani walimwita Profesa. Aliyeanza ni mama yake, fundi cherehani, siku mtoto alipomsomea maandishi ya kwenye pakiti ya vifungo kabla hajaanza hata chekechea. Jina likaganda. Wateja walioleta nguo za kupunguzwa walimsalimia kwa jina hilo, majirani vilevile, na alipoingia chuo kikuu likamfuata mpaka bwenini. Ni jina tamu kwa mtu anayefaulu. Profesa alikuwa amefeli. Mwaka wa kwanza, katika idara ya baiolojia, alianguka somo la takwimu, akarudia mtihani, akaanguka tena. Hakumwambia mtu. Mama yake alipouliza kwenye simu, "Masomo je, Profesa wangu?" alijibu, "Shwari kabisa, mama."

Somo lililobaki nyuma namna hiyo, wanafunzi wa chuo kile waliliita kiporo. Wengi walikuwa nacho na walikitania, lakini Profesa alikitania zaidi ya wote, ili asidhaniwe.

Mwaka wa pili ulipokwisha, chuo kilifungua shule kuu mpya ya afya ya jamii, na wanafunzi wa idara ile wakahamishiwa huko. Jengo lilikuwa bado linanuka rangi. Matokeo ya zamani yalikuwa hayajaingizwa kwenye kompyuta za shule mpya, kwa hiyo kila mwanafunzi alitakiwa aonane kwanza na mshauri wa masomo, aseme kwa kinywa chake amebakiza nini, ndipo apangiwe ya kusoma. Mshauri alikuwa mama wa makamo, sauti imemkauka kwa vumbi la mafundi. Ofisi yake ilikuwa na meza moja, viti ambavyo havijavuliwa nailoni, na mlango uliovimba usiokubali kufungwa. Foleni iliyosimama nje ilisikia kila neno.

Mbele ya Profesa alikuwapo Kinyozi, mwenzake wa chumba, aliyepata jina hilo kwa kuwanyoa wenzake bwenini kwa mashine iliyokuwa ikikata nywele nusu na kung'oa nusu.

"Una kiporo?" mshauri akamwuliza.

"Ninacho, mama, tena kimechacha," Kinyozi akasema bila hata kushusha sauti. "Takwimu. Nimeanguka mara mbili. Mara ya pili hata msimamizi wa mtihani alinionea huruma."

Foleni ikaangua kicheko. Mshauri naye alicheka, lakini huku akicheka alimpunguzia masomo ya muhula, akamwingiza kwenye darasa la marudio la alasiri, akamwambia awe anapita kila wiki waone mambo yanakwendaje. Kinyozi akatoka amejaa tabasamu, zamu ya Profesa ikafika.

"Huyo mpitishe tu, mwalimu!" mmoja akapaza sauti koridoni. "Profesa huyo, hana kiporo wala ukoko!"

Profesa akaingia, akakaa.

"Una kiporo, mwanangu?"

"Nilikuwa nacho, mwalimu. Nimekimaliza asubuhi na chai."

Wakacheka tena huko nje. Mshauri alitabasamu, kisha akaweka kalamu chini. "Utani mzuri. Sasa nauliza kweli. Ukiniambia sasa, ninalo la kufanya. Usajili unafungwa Ijumaa, na baada ya hapo kanuni ni moja: atakayekutwa ameficha somo anaondolewa chuoni. Mimi mwenyewe sitaweza kukutetea. Kama unawaonea haya hawa wa nje, nenda, urudi jioni wakishatawanyika. Nitakuwapo."

Profesa alitupia jicho mlangoni, kwenye foleni. 

"Sina, mwalimu."

"Hakika?"

"Hakika."

Jioni alirudi. Alimwona mshauri kupitia upenyo wa mlango, yuko peke yake, amevua viatu, anakunywa chai. Hapakuwa na wa kumcheka. Lakini sasa haya ilikuwa imepata mwenziwe, kwani asubuhi alikuwa na kufeli tu, na jioni alikuwa na kufeli pamoja na uongo. Akisema ninacho, ataulizwa kwa nini alisema sina. Alisimama pale mpaka mshauri akaanza kutafuta viatu kwa miguu chini ya meza, ndipo akaondoka kwa kunyata. Ijumaa ikaja, ikapita.

Kwa kuwa alisema hana deni la somo, alipangiwa takwimu ya juu. Mhadhiri wa somo lile alikuwa na mazoea ya kuanza kila maelezo kwa "kama mnavyokumbuka," na Profesa hakuwa na cha kukumbuka. Alitikisa kichwa pamoja na wenzake. Alinakili ubaoni kila kitu, hata makosa ya mhadhiri. Darasa la marudio la akina Kinyozi lilikuwa ghorofa ya chini, na wenye maneno walilibatiza Hoteli ya Viporo. Profesa alipopita dirishani aliwaona wakibishana na mwalimu wao, wakifuta na kuandika upya, akatamani kuingia akae nyuma kabisa. Badala yake alicheka pamoja na waliokuwa wakiwacheka.

Kinyozi hakuwa mjinga. Siku moja alimkuta mwenzake amekaa kitandani, kitabu kimefunguliwa ukurasa uleule wa jana yake, macho mekundu.

"Ndugu yangu," akasema, "hesabu hizi zimekushinda mwanzoni, si mwishoni. Twende kwa mama mshauri. Mimi nitasema nimekuburuta."

"Usinifananishe na wewe!" Profesa akamkata.

 Kinyozi akachukua mashine yake ya kunyolea, akatoka, na tangu siku ile waliongea ya taa na funguo tu.

Matokeo ya zamani yaliingizwa muhula ulipokaribia kwisha. Profesa aliitwa. Mlango wa mshauri ulikuwa umesharandwa, sasa ulifunga vizuri, wakabaki wawili.

"Nilikuuliza mara mbili," mama yule akasema.

"Mwalimu, nilikuwa na kiporo," Profesa akasema, na machozi yakamtoka. "Takwimu. Naomba unipangie kama ulivyompangia Kinyozi."

"Siku ile ningekupangia. Sasa umeniambia nilichokwisha kukijua, na wa juu yangu nao wanakijua." Alitazama mikono yake. "Nimekwenda kukuombea, mwanangu. Nimeulizwa: ulimwuliza? Nikasema, nilimwuliza. Nikakosa la kuongeza."

Profesa alifungasha mchana, wenzake wakiwa madarasani. Kinyozi alimkuta anafunga begi, akalibeba mwenyewe mpaka kituo cha mabasi bila kumwuliza kitu. Yeye wiki ile alikuwa amefaulu takwimu. Si kwa alama za kujivunia, lakini alikuwa amefaulu.

Nyumbani Profesa alimkuta mama yake yuko peke yake kibarazani, anafumua pindo la gauni. Profesa alikuwa amejiandaa kwa hasira ya mama. Alijua atakavyokaripiwa, njia nzima alikuwa akitunga majibu. Akasimulia yote, akimalizia na kufukuzwa.

Mama aliweka gauni pembeni.

"Hilo somo ulianguka lini?"

"Mwaka wa kwanza, mama."

"Mwaka wa kwanza." Akarudia polepole, kama mtu asiyeamini masikio yake. "Likizo zote hizo umekaa hapa, umekula nami, umelala nyumba hii, na jambo hilo unalo moyoni peke yako? Mimi nilikukosea nini, baba, hata ukaniogopa?"

Kisha akalia. Hakukililia chuo, wala hakukitaja. Profesa alikuwa na majibu ya kila karipio, lakini kwa kilio kile hakuwa na hata neno moja. Ndipo alipowakumbuka mmoja mmoja: mshauri aliyemwambia arudi jioni, mwenzake aliyekuwa tayari kumburuta, na mama huyu. Kila mmoja alikuwa amenyoosha mkono, na mbele ya kila mmoja yeye alijifunika gubigubi. Chuo alichokipigania kwa zaidi ya miaka miwili kilikuwa kimemtoka mikononi, naye hakuwa na wa kumlaumu. Wahenga hawakukosea, japo watoto wanacheka: mficha uchi hazai.